James Gillray

James Gillray (Chelsea, London, 13 Agosti 1756 – London, 1 Juni 1815) alikuwa mchoraji wa katuni za dhihaka kutoka Uingereza. Anahesabiwa kati ya waasisi wa katuni za kisiasa. Picha zake ni hazina pia kwa waandishi wa riwaya za mapenzi za kihistoria zinazosimulia maisha ya London ya wakati wake.

Maisha ya awali

Baba yake, mwenyeji wa Uskoti, alikuwa askari aliyepoteza mkono katika mapigano ya Fontenoy mwaka 1745. Wazazi wake walikuwa Wamoravian, naye alisomeshwa katika shule ya kanisa hilo huko Bedford. Baadaye alijifunza kuchonga herufi kwenye mabamba ya shaba. Mwaka 1778 alijiunga na shule ya Royal Academy.

Kazi

Alichora kwa sindano juu ya bamba la shaba lililopakwa nta, kisha tindikali ikala mistari. Picha zilizochapwa zilitiwa rangi kwa mkono. Kuanzia mwaka 1791 karibu kazi zake zote ziliuzwa na Hannah Humphrey, mwanamke mwenye duka la picha, naye akaishi ghorofani katika nyumba ya duka hilo. Wapita njia walijazana dirishani kutazama picha mpya. Asiye na fedha ya kununua alicheka bure.

Hakumwogopa mkubwa. Mwaka 1792 alimchora mwana wa mfalme, George, akiwa ameshiba kupita kiasi huku bili zisizolipwa zikiwa nyuma yake. Mwaka 1796 alikamatwa kwa sababu ya picha iliyotumia habari za Mamajusi kudhihaki kuzaliwa kwa binti wa George huyo, lakini kesi haikuendelea. Mwaka uliofuata alianza kulipwa na serikali ya William Pitt posho ya pauni 200 kwa mwaka, akawashambulia zaidi wapinzani wake. Posho hiyo ilikoma mwaka 1801. Picha yake maarufu ya mwaka 1805 inawaonyesha Pitt na Napoleon wakikatiana dunia mezani kama chakula.

Picha zake na riwaya

Mwandishi wa riwaya hupata kwa Gillray mambo ambayo vitabu vya historia huyaacha: manyoya marefu kichwani mwa mabibi, meza za kamari, vyakula na uchumba wa wakubwa. Katika picha moja ya mwaka 1792 alichora miguu tu ya mtawala wa York na mke wake, na viatu vyao vilitosha kusimulia habari yote. Kipindi hicho kilienea sana katika riwaya za mapenzi baada ya Georgette Heyer kutoa kitabu Regency Buck mwaka 1935.

Hata hivyo dhihaka hutia chumvi. Gillray alimfanya Napoleon kuwa kibeti, na wengi bado wanaamini hivyo, ingawa kimo chake kilikuwa cha kawaida kwa Mfaransa wa wakati ule.

Mwisho wa maisha

Kuanzia mwaka 1806 hivi macho yake yalififia. Alizidisha ulevi, akili ikavurugika, na mwaka 1811 alijaribu kujiua kwa kujirusha dirishani. Humphrey alimtunza hadi kifo chake. Alizikwa katika kanisa la St James's, Piccadilly, siku chache kabla Napoleon hajashindwa huko Waterloo tarehe 18 Juni 1815.