Jordan alitufunza kuwa nyumba ni ubia, si sadaka

Kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii hutajwa mara kwa mara madarasani, lakini ni nadra wanafunzi kusimuliwa maisha ya mtu aliyeigeuza kuwa kuta, paa na mlango. Mmoja wa watu hao ni Clarence Jordan, Mmarekani aliyeaga dunia mwaka 1969. Wazo lake limezifikia familia za hapa Kenya, ingawa nyingi hazijapata kulisikia jina lake.

Jordan alizaliwa tarehe 29 Julai 1912 katika mji mdogo wa Talbotton, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Familia yake ilikuwa na uwezo, nayo ilikuwa ya Wazungu. Hayo mawili yalitosha kumpa maisha ya raha katika nchi iliyokuwa imewatenga watu weusi kwa sheria na kwa desturi. Hata hivyo, kijana huyu aliuona umaskini wa majirani zake weusi, waliolima mashamba ya wenyewe kwa kugawana mavuno na kuishia kila mwaka wakidaiwa. Akaamua kusomea kilimo katika Chuo Kikuu cha Georgia, akahitimu mwaka 1933, azma yake ikiwa ni kuwafunza wakulima hao ukulima wa kisasa.

Muda si muda alitambua kuwa elimu ya mbegu na mbolea haingetosha maadamu mioyo ya watu ilikuwa imegawanyika. Akajiunga na chuo cha theolojia cha Kibaptisti mjini Louisville, ambako alibobea katika Kigiriki cha Agano Jipya hadi kupata shahada ya uzamifu. Msomi wa kiwango hicho angeweza kujitafutia kiti chuoni. Yeye alirudi shambani.

Mwaka 1942, yeye na mkewe Florence, pamoja na Martin na Mabel England, walianzisha shamba la ekari 440 karibu na mji wa Americus. Walilipa jina la Koinonia, neno la Kigiriki lenye maana ya ushirika. Humo watu weupe na weusi walifanya kazi pamoja na kula meza moja. Kula pamoja ndiko kulikowaudhi majirani zaidi ya yote. Mwaka 1950 kanisa la jirani liliwafukuza Jordan na wenzake. Kuanzia mwaka 1956 mambo yalichacha: kibanda chao cha kuuzia mazao kando ya barabara kililipuliwa, nyumba zao zikamiminiwa risasi, na wafanyabiashara wa mjini wakakataa kuwauzia au kununua chochote kutoka kwao. Walinusurika kwa kuuza kokwa za pikani kwa njia ya posta, wakiwatumia wateja wa mbali waliowaonea imani.

Kufikia mwaka 1968 waliobaki shambani walikuwa familia chache tu. Mashine zilikuwa zimechukua kazi za vibarua wengi wa mashambani, nao walikuwa wakihamia mitaa ya mabanda mijini. Ndipo Jordan alipoketi na Millard Fuller, tajiri wa Alabama aliyekuwa ameigawa mali yake, wakabuni mpango wa ubia wa nyumba. Walipima viwanja 42 vya nusu ekari katika ardhi ya shamba. Wenye fedha wangechangia mfuko mmoja, ama kwa kutoa ama kwa kukopesha bila riba. Nyumba zingejengwa na kuuzwa bila faida, mnunuzi angelipa kidogo kidogo kwa miaka mingi bila riba, na kila senti iliyolipwa ingerudi mfukoni kujengea jirani. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kilikuwa cha wote.

Mwalimu wa hisabati anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake uzito wa jambo hili. Tuseme familia imekopa shilingi 600,000 kwa miaka 20. Bila riba, italipa shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, italipa takriban shilingi 6,600 kwa mwezi, na jumla itakaribia shilingi 1,586,000. Nyumba ni ile ile na matofali ni yale yale, lakini katika hesabu ya kwanza kibarua anapata makao, na katika ya pili anabaki kuwa mpangaji.

Jordan hakuwahi kuona mtu akihamia. Tarehe 29 Oktoba 1969, moyo ulimsimama akiwa katika kibanda chake cha kuandikia, nyumba ya kwanza ingali inajengwa. Alikuwa na umri wa miaka 57. Alizikwa shambani katika sanduku la mbao, katika kaburi lisilo na alama. Muda mfupi baadaye familia moja ya watoto watano iliingia katika nyumba hiyo ya matofali, yenye bafu na jiko la kisasa, ikitoka katika kibanda kisichokuwa na hata bomba la maji.

Fuller aliupeleka mpango huo Mbandaka, nchini Zaire ya wakati ule, kuanzia mwaka 1973, na aliporejea mwaka 1976 akaanzisha shirika la Habitat for Humanity. Shirika hilo lilianza kazi Kenya mwaka 1982.

Wapo watakaosema kuwa mifuko ya hiari haiwezi kuijengea nchi nzima. Hapana shaka wana hoja, kwani viwanja 42 ni tone baharini. Lakini kiini cha somo la Jordan si wingi wa nyumba, bali nafasi ya mwenye kuhitaji nyumba. Kwake, maskini hakuhitaji mfadhili wa kumhurumia. Alihitaji mtaji na mwenzi wa kazi. Tangu Machi 2024, sheria yetu ya nyumba za bei nafuu humkata mfanyakazi, mwalimu akiwamo, asilimia 1.5 ya mshahara wake. Anayechanga ni mbia, na mbia ana haki ya kuuliza: nani atapewa nyumba, kwa bei gani, na fedha zitakazolipwa zitarudi kumjengea nani? Maswali hayo si uasi. Ndiyo yanayotofautisha ushirika na kodi, na mtoto anayefundishwa leo kuyauliza kwa adabu na kwa hesabu sahihi ndiye atakayeulinda mfuko wa wote kesho.