Bob Marley: Ukucha uliozima sauti ya mfalme wa reggae

VIJANA wa Meru na Embu wanazijua nyimbo za Bob Marley kwa ghibu. Picha yake huchorwa kwenye matatu na kuta za vinyozi, na misokoto ya nywele zake imeigwa na wengi. Ila waulize mwanamuziki huyo alikufaje, na majibu yatatofautiana: wapo watakaotaja risasi, wapo watakaotaja bangi.

Ukweli ni kwamba Marley aliuawa na saratani ya ngozi, iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu wake wa kulia. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Habari hiyo huwashangaza hata wazazi. Kwa wakazi wengi wa miteremko ya Mlima Kenya, saratani ya ngozi ni maradhi ya Wazungu wanaojianika juani ufuoni ili wabadilike rangi, au ya watu wenye ualbino. Mtu mweusi, hudhaniwa, amekingwa na Mungu.

Robert Nesta Marley alizaliwa Februari 6, 1945 katika kijiji cha Nine Mile, wilaya ya Saint Ann nchini Jamaica. Babaye, Norval Marley, alikuwa Mzungu aliyemzidi mamaye, Cedella, kwa miaka mingi, na hakukaa na mwanawe. Kijana huyo alilelewa na mama, kwanza kijijini, kisha katika mtaa maskini wa Trench Town jijini Kingston.

Huko ndiko alikokutana na Peter Tosh, na pamoja na Bunny Wailer wakaunda kundi la Wailers. Mnamo 1966 alimwoa Rita Anderson, na baadaye akaikumbatia imani ya Rastafari, ambayo wafuasi wake hawakati nywele.

Misokoto hiyo ina uhusiano na Meru pia. Wapo wanaosema kwamba Marasta wa Jamaica waliiga nywele za wapiganaji wa Mau Mau, ambao mmoja wa viongozi wao mashuhuri alikuwa Musa Mwariama wa Meru, aliyetoka msituni uhuru ulipopatikana mwaka 1963.

Albamu ya Catch a Fire, iliyotolewa 1973, ilimtangaza Marley duniani. Desemba 3, 1976, watu wenye silaha walimvamia nyumbani kwake Kingston na kumjeruhi kwa risasi. Siku mbili baadaye alipanda jukwaani akaimba, kisha akahamia London, ambako alirekodi albamu ya Exodus.

Mtu aliyeponea chupuchupu mbele ya bunduki hakujua kwamba adui mwingine alikuwa mguuni mwake. Marley alipenda mno kandanda, na mwaka 1977 aliumia kidole akicheza. Kidonda kilikataa kupona. Madaktari walipokichunguza waligundua kwamba hakikuwa jeraha la mpira tu: ilikuwa melanoma, aina hatari ya saratani ya ngozi.

Walimshauri akatwe kidole. Marley alikataa. Inasimuliwa kwamba imani yake ilimtaka auhifadhi mwili wake ukiwa mzima, na kwamba alihofia kushindwa kucheza jukwaani. Badala yake aliondolewa ukucha na nyama ya chini yake, akapandikizwa ngozi iliyotolewa pajani.

Aliendelea na kazi kana kwamba mambo yamekwisha. Alizuru Ethiopia mwaka 1978, na Aprili 1980 akatumbuiza katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe. Miezi mitano baadaye, Septemba 21, alianguka akikimbia mazoezi katika bustani ya Central Park jijini New York. Saratani ilikuwa imefika kwenye ubongo.

Siku mbili baada ya hapo aliimba Pittsburgh, na hilo likawa tamasha lake la mwisho. Alipelekwa Ujerumani kwa matibabu, lakini hayakufua dafu. Alifariki mjini Miami Mei 11, 1981, akiwa njiani kurudi Jamaica. Mwanawe Ziggy alikuwa na miaka 12, na Damian hajatimiza mitatu.

Aina ya melanoma iliyompata hutokea viganjani, nyayoni na chini ya kucha, na haihusishwi na jua. Miongoni mwa watu weusi, ndiyo melanoma inayoonekana zaidi. Kwa kuwa hakuna anayeitarajia, mara nyingi hugunduliwa ikiwa imechelewa.

Jua nalo lina hatari zake, hasa kwa watoto wenye ualbino. Mstari wa ikweta unakatiza karibu na mji wa Meru, na kadiri mtu anavyopanda mlima ndivyo miale inayodhuru ngozi inavyozidi, takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Baridi ya milimani haimaanishi kwamba jua limepoa. Mtoto huyo anahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga miale tangu utotoni.

Kuyazungumza haya na kijana wa miaka 15 si rahisi, kwani umri huo hauna sikio la mahubiri. Hata hivyo, zipo nafasi. Wavulana wa Meru na Embu wanapokaa jandoni baada ya kutahiriwa, wazee huwafundisha kuhusu mwili na utu uzima, na mama na binti huzungumza wakichuma chai au kahawa. Kisa cha Marley kinaweza kufungua mlango ambao vitisho huufunga.

Mzazi hana haja ya kuwa daktari. Inatosha kumwambia kijana aziangalie nyayo na kucha zake anapooga. Mstari mweusi unaopanuka chini ya ukucha, baka linalobadilika umbo, au kidonda kisichopona kwa majuma kadhaa, vyote vipelekwe hospitalini, iwe Embu, Chogoria au Meru. Wala kidonda kisisingiziwe mpira au jembe hadi kipimwe.

Marley alizikwa Nine Mile, kijiji alikozaliwa, Mei 21, 1981. Kidole alichokataa kukatwa alizikwa nacho, na watoto wake wakabaki kumsikia babao katika santuri.