Sakharov, Sajini na Vitofali Vyangu

Wiki mbili kabla ya maonyesho ya sayansi hapa chuoni, meza yangu ilijaa vitofali vya plastiki vya kuchezea, vya mtumba, nilivyonunua kwa masalia ya bumu. Nilitaka kujenga mfano wa tokamaki, yaani mtambo wa kuunganisha viini vya atomu kama jua linavyofanya. Tatizo, mtambo wenyewe ni mviringo kama ngata, na kitofali kina pembe nne. Kila nikilazimisha kona, vinaachia.

Dogo mmoja wa mwaka wa kwanza, rumu ya jirani, akachungulia mlangoni. Akanishauri nisilazimishe: nijenge vipande vifupi vilivyonyooka, kisha niviunge kwa bawaba. Duara likafunga usiku uleule. Nikamshukuru, halafu nikaandika kadi ya maonyesho kwa jina langu peke yake.

Kadi ilitaka pia historia fupi ya mtambo. Ndipo nikaanza kusoma habari za Andrei Sakharov.

Alizaliwa Moscow mwaka 1921, mtoto wa mwalimu wa fizikia. Mwaka 1950, akiwa na miaka 29, alikuwa kwenye kituo cha siri akishughulikia bomu la haidrojeni. Huko ikamfikia barua iliyotoka kisiwa cha Sakhalin, mashariki ya mbali kabisa. Aliyeiandika ni sajini wa jeshi, Oleg Lavrentiev, ambaye chuo kikuu hajakanyaga. Fizikia kajisomea mwenyewe. Alipendekeza gesi ya moto izuiwe kwa nguvu ya umeme.

Gesi hiyo inatakiwa ifike nyuzi zaidi ya milioni 100. Hakuna chombo cha kuihimili ikikigusa. Sakharov aliona njia ya sajini ina kasoro, lakini wazo likamkaa kichwani. Pamoja na mwalimu wake, Igor Tamm, akaja na jibu la sumaku. Bomba lililonyooka huvuja miishoni, basi likunjwe liwe ngata, lisiwe na mwisho. Hata mtambo wa ITER unaojengwa Ufaransa una umbo hilo.

Bomu lilijaribiwa mwaka 1953, naye akamiminiwa heshima na serikali. Baadaye madhara ya majaribio yakamnyima usingizi, akaanza kuyapinga. Mwaka 1968 insha yake ya kutetea uhuru wa fikra ikamtoa kwenye kazi za siri. Mwaka 1975 akapewa Nobeli ya Amani, akazuiwa kusafiri, mkewe Yelena Bonner akaipokea Oslo kwa niaba yake. Mwaka 1980 akapelekwa uhamishoni mjini Gorky, akaruhusiwa kurudi mwishoni mwa 1986. Alifariki Desemba 1989.

Mengi hayo ni makubwa, lakini kusema kweli kilichonibana ni ile barua. Ilikuwa siri. Angenyamaza, nani angejua? Yeye alimsifu sajini tangu alipoipitia, na kwenye kumbukumbu za maisha yake akakiri kwamba fikra zake za mwanzo ziliamshwa na barua ile.

Nikaitazama kadi yangu. Sikuwa na siri ya serikali ya kujificha nyuma yake. Nilikuwa na uchoyo tu.

Nikaichana. Mpya ina majina mawili, na la dogo limetangulia. Mkija ukumbini mtaiona pembeni ya duara.