Bruno Gutmann: Mmisionari wa Masama aliyeandika mafunzo ya jando la Wachaga

Jina la Bruno Gutmann halikosekani katika historia ya Kanisa la Kilutheri mkoani Kilimanjaro. Wachache, hata hivyo, wanamkumbuka kama mtu aliyehifadhi kwa maandishi namna Wachaga walivyowafunza vijana wao kuhusu mwili, ndoa na tamaa.

Alizaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1876. Mwaka 1902 Misheni ya Leipzig ilimtuma Kilimanjaro, akatumikia Masama kabla ya kuhamia Old Moshi mwaka 1910. Mwaka 1920 utawala wa Kiingereza ulimwondoa nchini. Alirejea katikati ya miaka ya 1920, akabaki hadi 1938. Alifariki dunia mwaka 1966.

Gutmann hakuzihesabu mila za Wachaga kuwa giza tupu. Aliwasikiliza wazee, akaandika waliyomweleza. Mwaka 1926 alichapisha kitabu juu ya sheria za Wachaga. Kati ya 1932 na 1938 yakafuata majuzuu matatu ya mafunzo ya jadi, yakiwamo ya jando na ndoa. Humo tamaa ya mwili haikuachwa ijiendee: kijana alifundishwa wakati wake, mipaka yake na wajibu wake.

Aidha, alieleza kuwa mtu hushikiliwa na vifungo vitatu: ukoo, ujirani na rika. Udugu wa rika aliuingiza hata kanisani, akawaunganisha vijana wa kipaimara ili wasaidiane. Katika vifungo hivyo mapenzi na uaminifu vilikuwa vya dhati bila kutegemea tamaa ya mwili.

Tofauti hiyo ndiyo inayotiliwa mkazo leo na wataalamu. Kumtamani mtu kimwili, kutaka kuishi naye kwa mahaba na kumpenda kama rafiki ni mambo matatu. Mtu aweza kuwa na moja bila jingine. Mwaka 1948 Mmarekani Alfred Kinsey aliwaweka katika kundi la peke yao wasioonyesha mvuto wa kimwili kwa yeyote. Mwaka 2004 Anthony Bogaert wa Canada, akitumia majibu ya Waingereza zaidi ya 18,000, alikuta takriban asilimia 1 wakisema hawajapata kumtamani mtu. Huo si useja, kwani mseja aweza kuwa na tamaa akaizuia. Wala si ugonjwa: mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulieleza kuwa anayejitambua hivyo hapaswi kuhesabiwa mgonjwa.

Katika jamii aliyoiandika Gutmann, hata hivyo, ndoa ilikuwa njia ya kila mtu. Kihamba kilihitaji mrithi, na mizimu ilihitaji wa kuikumbuka. Asiyekuwa na tamaa aliingia katika ndoa kwa wajibu, na mafunzo hayakuwa na neno kwa ajili yake. Shinikizo hilo bado linaishi katika familia nyingi. Lakini kumbukumbu za mmisionari huyo zinashuhudia pia kwamba kitanda cha ndoa hakikuwa mahali pekee ambapo Mchaga alipenda na kupendwa.