Bwana afya aliyetuletea Bwana Msa

Muhammed Said Abdulla hakuanza maisha ya kazi na kalamu mkononi. Alianza kama bwana afya. Alizaliwa tarehe 25 Aprili 1918 Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, kule ambako mpaka leo watu hukusanyika kila mwaka kwa ajili ya Mwaka Kogwa. Alipomaliza masomo mwaka 1938 akaajiriwa katika idara ya afya ya Zanzibar kuwa mkaguzi, na kazi hiyo akaifanya kwa miaka kumi.

Wanaomtaja siku hizi, hasa walimu wetu wa fasihi, huiruka miaka hiyo kumi upesi upesi ili wafike kwenye vitabu. Mimi naiona ni miaka mikubwa. Bwana afya ni mtu gani? Ni yule anayebisha hodi asubuhi kabla mwenye nyumba hajafagia uwanja. Anachungulia kisima, anainama kwenye mtaro, anauliza maji haya yametuama tangu lini, na watu wangapi wanalala chumba hiki. Anaingia kwa tajiri na kwa fukara. Ndugu msomaji, mtu akifanya kazi hiyo miaka kumi, jicho lake haliwezi kubaki kama langu na lako. Arthur Conan Doyle, yule Mwingereza aliyemtunga Sherlock Holmes, alikuwa daktari. Wetu alikuwa bwana afya. Sidhani ni sadfa kwamba wote wawili walitoka kwenye kazi ya kutafuta chanzo cha ugonjwa wakaja kutunga habari za kutafuta muuaji.

Mwaka 1948 akaingia kwenye magazeti. Alikuwa mhariri wa Zanzibari, na katika miaka iliyofuata akawa mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Anayeijua historia ya Unguja atasita kidogo hapo. Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu, na Afrika Kwetu lilisimama upande wa Waafrika. Mtu mmoja kupita kwenye vyumba vya habari vya pande zote mbili si jambo dogo katika mji uliokuwa ukianza kugawanyika. Mwaka 1958 akakabidhiwa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo, akalihariri mpaka alipostaafu mwaka 1968.

Tazama hiyo miaka. Wazanzibari wenyewe huiita zama za siasa. Baada ya uchaguzi wa 1957 watu walianza kubaguana kwa vyama, wakaacha kununua dukani kwa fulani, wengine wakafika mpaka kususiana mazishi, jambo ambalo kwetu sisi watu wa pwani ni zito kuliko matusi. Juni 1961 uchaguzi ulizaa fujo na watu 68 wakauawa. Tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi, na kilichofuata kinajulikana.

Ni katika joto hilo ndipo alipokaa akaandika hadithi ya upelelezi. Aliipeleka kwenye mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau mwaka 1957 na 1958, ikachukua nafasi ya kwanza, na mwaka 1960 ikatoka kitabu: Mzimu wa Watu wa Kale. Mji unanuna, majirani hawasalimiani, na katikati yake anatokea Bwana Msa na kiko chake, mtu mtulivu, mcheshi, anayeona vitu vidogo ambavyo wengine wanavikanyaga. Nyuma yake yupo Najum, swahiba wake, ambaye kama sisi wasomaji hubabaika mpaka mwisho. Yupo pia Inspekta Seif wa polisi. Ni kweli kwamba Bwana Msa ana damu ya Sherlock Holmes, na hilo halifichiki. Lakini Holmes hakai barazani, hajui maana ya mtu kuapa, wala hajui jinsi Mswahili anavyoweza kukujibu swali kwa maneno mia bila kukujibu. Bwana Msa anayajua yote hayo, na ndiyo silaha yake.

Katika kitabu hicho tajiri mmoja, Bwana Ali, anauawa, na maiti yake inakutwa kwenye mzimu. Watu wanajua nani wa kulaumiwa: wazee wa kale wamekasirika. Bwana Msa hakubali. Mzimu haurithi shamba, mzimu hauna deni wala wivu wa mapenzi. Anawarudia walio hai. Mchezo huo, wa akili kupambana na hofu, Abdulla aliurudia kitabu baada ya kitabu. Mwaka 1968, mwaka ule ule aliostaafu, kikatoka Kisima cha Giningi, na Giningi kwa Wazanzibari ni huko wanakosemwa kukusanyika wachawi.

Nawaza mara nyingi jinsi tungemhitaji Bwana Msa hapa kwetu. Kilifi na Kwale tunazika wazee wenye mvi waliouawa kwa kuitwa wachawi, na ukichimba kidogo, mara nyingi unakuta shamba na warithi wasio na subira. Abdulla aliliona hilo zaidi ya miaka sitini iliyopita, akaliweka ndani ya hadithi ya kujifurahisha badala ya kutuhutubia. Wakubwa wengi wameandika mahubiri juu ya ushirikina na hakuna anayeyakumbuka.

Mimi mwenyewe nilimsoma nikiwa shule, kama wengi wa rika langu, kwa kuwa vitabu vyake vilikuwa vikisomeshwa. Halafu nikamwacha. Baada ya diploma nadhani nilikaa karibu miaka kumi na tano bila kumaliza kitabu chochote. Nilikuwa nasoma, naam, lakini simu: taarifa za vifo, siasa, bei ya unga, watu wanaogombana. Kisha ukaja mwaka ambao mama yangu alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Kila safari ni saa nne za kukaa kwenye kiti cha plastiki, unahesabu nauli, unahesabu madeni, na ule mwanga wa simu unazidi kukutia kiwewe. Jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu, akaniazima Kisima cha Giningi kisicho na jalada, kurasa zimekuwa rangi ya chai.

Siku ya kwanza nilisoma kurasa tatu nikachoka, maana akili ilikuwa imezoea vipande vipande. Siku ya pili nikasoma kumi. Siku ya tatu nikacheka peke yangu, muuguzi akageuka, na mama akataka kujua nina nini. Nikaanza kumsomea kwa sauti ya chini. Mama hakusoma zaidi ya chuo cha Qur'ani na madarasa machache, lakini alimtambua mwongo wa hadithi kabla yangu, akanicheka mpaka siku ya pili yake. Mgonjwa wa kitanda cha jirani naye akawa anauliza tumefika wapi. Ugonjwa haukupungua kwa hilo, wala deni. Kilichobadilika ni kwamba zile saa nne zilikuwa na kitu ndani yake, na nyumbani usiku nikaweza kulala bila kuiweka simu chini ya mto.

Wapo watakaoniambia kwamba riwaya za kubuni ni lagho, na mtu mwenye msiba bora ashike msahafu. Msahafu sikuuacha, Alhamdulillahi. Saa nilizompa Bwana Msa nilizichukua kutoka kwenye simu, na huko hapakuwa na ibada yoyote. Wapo pia wasomi wanaodharau hadithi za upelelezi, kwao fasihi ni ile ya kukunja uso. Kwa hao nasema wasome Kiswahili cha Abdulla kwanza. Kimenyooka, kina ladha ya mjini Unguja, kina misemo inayotoka midomoni mwa watu na si kwenye kamusi. Wengi wetu tunaoandika kwenye magazeti ya huku hatumfikii hata magotini.

Baada ya kustaafu hakutulia. Duniani Kuna Watu kilitoka 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Vitabu vinne katika miaka minne, na mwandishi amekwisha pita umri wa hamsini. Visa vikawa na mafundo zaidi kuliko vile vya mwanzo. Kisha kimya cha miaka kadhaa, mpaka 1984, alipotoa Kosa la Bwana Msa. Jina hilo lilinipendeza kabla sijakifungua, kwamba mzee wa miaka sitini na sita anamtazama shujaa wake, aliyekuwa naye tangu zama za siasa, na anathubutu kumtia kosani.

Alifariki mwaka 1991. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mtu akitaka kuanza, aanze na Mzimu wa Watu wa Kale, si kwa kuwa ndicho bora, bali kwa kuwa humo ndimo unamofahamiana na Najum, na bila Najum raha inapungua nusu. Mimi sasa niko kwenye Duniani Kuna Watu kwa mara ya pili. Kisima cha Giningi cha mwalimu nimekirudisha, baada ya mama kunikumbusha mara tatu, na yeye mwenyewe ndiye aliyekishonea jalada la kitambaa cha kanga.