Robert Koch na ugonjwa wa kimeta

Ng'ombe akifa ghafla na damu isiyoganda ikamtoka puani, huenda ni kimeta. Huku Ufipa tunawaomba wafugaji wasimchune wala kumpasua, bali wamwite ofisa mifugo.

Sababu yake aliionyesha Robert Koch, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1843. Alikuwa daktari wa wilaya tu, maabara yake ikiwa nyumbani kwake. Alitumia vijiti vya mbao kuwaingizia panya damu ya mifugo waliokufa kwa kimeta. Panya walikufa, na bakteria walewale wakaonekana kwenye darubini. Mwaka 1876 alieleza jinsi bakteria hao wanavyojigeuza kuwa vijimbegu vigumu, ambavyo huishi udongoni miaka mingi. Mzoga ukipasuliwa, malisho huchafuka.

Mwaka 1882 alitangaza bakteria wa kifua kikuu, na 1905 akapata Tuzo ya Nobel. Kitasato Shibasaburo wa Japani alijifunza kwake Berlin kwa miaka kadhaa, akarudi kuongoza taasisi ya utafiti nchini kwake.

Afrika Mashariki haikupata Kitasato wake. Koch alikuja mara kadhaa, akachunguza homa ya papasi, kisha malale visiwani Ssese, Uganda, mwaka 1906 na 1907. Dawa aliyoijaribu huko, atoksili, iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Watafiti aliofuatana nao walikuwa Wajerumani. Waafrika walikuwa wa kutibiwa.

Alifariki mwaka 1910. Siku hizi vijana wetu husomea magonjwa haya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.