Njegere za Mendel na uamuzi wa wazazi

Jina la Gregor Mendel hukaririwa shuleni kwa ajili ya mtihani, kisha likasahauliwa. Hata hivyo, hapa Mombasa bara, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe, zipo nyumba ambamo hesabu ya mtawa huyo inagusa uhai wa mtoto.

Alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho leo kimo katika Jamhuri ya Cheki, akaitwa Johann. Wazazi wake walikuwa wakulima. Baba alipoumizwa na gogo asiiweze tena kazi ya shamba, Theresia, dada mdogo, alitoa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya ndoa yake ili kaka aendelee kusoma. Mwaka 1843 aliingia katika monasteri ya Brno, akapewa jina la Gregor. Alifanya mtihani wa ualimu akaanguka. Lakini wakuu wake walimpeleka Chuo Kikuu cha Vienna.

Baina ya 1856 na 1863 alipanda maelfu ya njegere bustanini. Alipochanganya zenye mbegu laini na zenye mbegu za makunyanzi, kizazi cha kwanza chote kilikuwa laini. Je, makunyanzi yalikuwa yametoweka? La hasha! Katika kizazi cha pili alihesabu mbegu laini 5,474 na zenye makunyanzi 1,850, yaani takriban tatu kwa moja. Alitambua kwamba sifa yaweza kujificha kwa mzazi ikadhihirika kwa mtoto. Aliyachapisha hayo mwaka 1866, wala hakupata wa kumsikiliza. Alifariki mwaka 1884, akiwa mkuu wa monasteri. Ni mwaka 1900 tu ambapo wataalamu walizinduka.

Mwaka 1949 ilibainika kwamba ugonjwa wa selimundu nao hurithiwa kwa kanuni hiyo. Mwaka huohuo Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alipima damu za wenyeji, akakuta chembe ya urithi ya selimundu imeenea zaidi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria kuliko nyanda za juu. Sababu ni malaria: mwenye chembe moja ana kinga fulani dhidi yake. Kwa hiyo, kijana wa Changamwe ambaye wazee wake walitoka ziwani kufuata kazi za bandari, akimwoa binti wa Kisauni, asidhani kwamba umbali wa koo zao unawakinga. Wakiwa kila mmoja ana chembe moja, wao ni wazima, ilhali kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mgonjwa. Nasema kila mimba. Aliyekwisha kuzaa mgonjwa mmoja hajahakikishiwa wazima watatu.

Mwaka 1990 ilitangazwa London kwamba viinitete vilivyotungwa maabarani vimepimwa kabla ya kupandikizwa tumboni. Kenya nayo ilipata watoto wa kwanza wa utungishaji wa maabarani mwaka 2006, jijini Nairobi. Basi mwenye kutafuta mtoto kwa njia hii hukabiliwa na maswali mazito. Je, gharama ataiweza, ilhali mimba huenda isishike? Imani yake inaruhusu? Na kile kiinitete chenye chembe moja, ambacho kingezaa mtoto mzima kama wazazi wake, kiachwe kwa kosa gani?

Mendel hakuacha jibu la maswali hayo. Hesabu yake hutaja nafasi, haiamrishi. Kwa maoni yangu, mambo mawili ni wajibu. Kwanza, vijana wapimwe damu kabla ya ndoa, kwani kipimo hicho ni rahisi kuliko kupima kiinitete. Pili, daktari awaeleze wagonjwa nafasi hizo kwa Kiswahili wanachokielewa, kisha awaachie uamuzi. Mtu asiyeelewa alichoambiwa hajaamua, ameamuliwa.